Mama yake babu alikuwa mtoto wa nani? Mjerumani, msafara wa watumwa au njaa ya 1899?

#1 Kitukuu wa Nguru
Wakuu salaam. Nina jambo limeligawa grupu letu la ukoo mpaka shangazi mmoja kajitoa, nimeona nililete huku.

Ni hivi. Mama yake babu yangu mzaa baba alilelewa misheni ya Mhonda, kule Turiani, milima ya Nguru. Akaolewa hapo hapo na katekista, akazaa, akazeeka, akafa 1967. Mwisho wake tunaujua wote, kaburi lipo na tunalipalilia. Mwanzo wake ndio kizungumkuti. Baba mkubwa anaapa kwamba baba wa huyo bibi alikuwa Mjerumani maana bibi alikuwa mweupe. Shangazi (huyo aliyejitoa) anasema alikombolewa kwenye msafara wa watumwa na ndio maana hakuwahi kutamka kwao ni wapi. Baba mdogo anasema acheni sinema, alikuwa Mnguu wa kawaida, wazazi walimwacha kwa mapadri basi.

Nilichonacho: fotokopi ya mstari mmoja wa rejista ya ubatizo, mwaka 1899, umri umeandikwa kama miaka 6, sehemu ya wazazi kuna neno moja tu la Kilatini, infideles. Na picha moja ya miaka ya 50. Amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, rozari kaizungusha mara mbili kwenye mkono wa kushoto, khanga kaifunga kifuani juu ya gauni, anacheka, na meno mawili ya juu ya mbele yana pengo la pembetatu katikati. Rangi yake huwezi kuijua hapo, picha ni nyeusi na nyeupe na jua limeila.

Nianzie wapi? Na hilo neno la Kilatini ndio kusema mtoto wa nje ya ndoa? Baba mkubwa kalishikia bango.

#2 Mzaramo Asilia
Baba mkubwa anatafuta pasipoti ya Ujerumani huyo, mwacheni. Nakaa hapa na karanga zangu.

#3 Mzee wa Rejista
Kitukuu, hilo neno lisikusumbue. Infideles hapo maana yake wazazi hawajabatizwa, hakuna zaidi. Wazazi wasiojulikana wangeandikwa ignoti. Kwa hiyo padri ama aliwajua wazazi, ama alijaza tu kwa mazoea maana 1899 kule milimani mzazi Mkristo ungempata wapi.

Ila mstari mmoja hautoshi, tafuta ukurasa mzima. Nani wengine wamebatizwa siku hiyo, msimamizi wa ubatizo ni nani, padri ni yupi. Halafu angalia pembeni ya ukurasa. Tangu ile amri ya Kanisa kuhusu ndoa, Ne Temere ya 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, mtu akifunga ndoa taarifa inatakiwa irudi iandikwe pembeni ya ubatizo wake. Ukikuta jina la babu katekista pale pembeni ujue huo mstari ni wa bibi yako kweli, siyo wa mtoto mwingine mwenye jina hilo hilo. Majina ya misheni yalikuwa yanajirudia balaa, nyumba moja Maria wawili.

#4 Dereva wa Reli
Mbona hamuizungumzii reli? Morogoro ilijaa Wagiriki enzi za ujenzi. Huyo baba ni msimamizi wa reli, kesi imekwisha, funga uzi.

#5 Ticha Mstaafu
Dereva #4 reli ya kati ilianza kujengwa Dar 1905, Morogoro ikafika 1907. Mtoto ana miaka 6 mwaka 1899. Huyo Mgiriki wako alitangulia na ungo?

Mjerumani inawezekana kwa tarehe, tusimcheke sana baba mkubwa. Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami mwishoni mwa 1884 akisainisha machifu makaratasi wasiyoyasoma. Baada ya Abushiri kushindwa 1889 wakatulia wakajenga vituo. Kwa hiyo 1892 au 1893 Wajerumani walikuwepo, ila wachache sana ukilinganisha na askari wao. Na askari hao hawakuwa Wajerumani, kamanda wao Wissmann alileta Wasudani kutoka Cairo na wengine kutoka Msumbiji. Kwa nini hakuna anayesema baba yake alikuwa askari? Watu wakitafuta baba wa ajabu wanaruka hadi Mzungu.

#6 Kitukuu wa Nguru
Asante Mzee #3. Nimempigia binamu aliyepiga ile fotokopi, kumbe alipiga picha ukurasa wote kwa simu. Pembeni ipo: ndoa 1911 na jina la babu. Na siku ile wamebatizwa wasichana wengi kwa mpigo, umri miaka minne hadi kumi, na msimamizi wa wote ni mwanamke mmoja tu.

#7 Mzee wa Rejista
Basi hilo ni kundi, siyo mtoto mmoja mmoja anayeletwa na mama yake. Watoto wa nyumba ya malezi hao. Mhonda ilifunguliwa 1877 na mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo, na hawakupanda milima peke yao, walipanda na mandoa, yaani vijana na wasichana waliokombolewa utumwani wakalelewa Bagamoyo, wakaozeshwa, wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo. Huyo mama msimamizi dau langu ni mmoja wa hao au binti yao.

#8 Binti Mbweni
Shangazi yako asipuuzwe. Kwetu Unguja mama wa bibi yangu alilelewa Mbweni kwa Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walinunua lile shamba 1871 na baadaye wakaweka watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Yeye akaulizwa kwao akasema jina la mto na la mjomba wake basi. Kwenye vitabu kaandikwa Myao. Yeye mwenyewe mpaka anakufa alisema siyo Myao, Wayao ndio waliomuuza. Karani aliandika kabila la aliyemleta sokoni. Kwa hiyo ukipata kabila kwenye karatasi usilikumbatie haraka.

Na kutosema kwao haishangazi. Watoto wa misheni wengi walifunzwa kwamba kwao ni hapo hapo.

#9 Mzaramo Asilia
Swali la kizushi. Mtoto mweupe kalelewa misheni, mapadri weupe. Mbona hamumalizii sentensi?

#10 Mama Parokia
Mzaramo kaa na karanga zako. Mapadri wenyewe wakati ule walikuwa wanakufa na homa kila mwaka, na wangemwandika mtoto wao kwenye kundi la wasichana kumi na kitu wenye msimamizi mmoja ili iweje. Mweupe mweupe, Wanguu na Waluguru maji ya kunde wamejaa, nenda Turiani siku ya gulio uhesabu.

#11 Mwana Unyanyembe
Wazee mmeruka ushahidi uliopo kwenye picha. Pengo la pembetatu meno mawili ya juu! Hiyo ni alama ya Wanyamwezi, walikuwa wanachonga pande za ndani za yale meno ya mbele, hata wasafiri wa karne ya 19 wameandika. Huyo bibi ni wetu. Baba yake mpagazi, alikwenda pwani na pembe za ndovu akarudi kwao, mtoto hakurudi naye. Wazaramo na Wazigua ni watani zetu kwa sababu hizo hizo za njia ya misafara, tumeacha damu njiani kote. Kitukuu karibu nyumbani, leta ng'ombe.

#12 Ticha Mstaafu
Mtani hoja yako nzuri ila ina mwiba. Mtoto wa miaka sita bado ana meno ya utoto hapo mbele, ya ukubwani ndio kwanza yanachungulia. Kama alichongwa, alichongwa baadaye, na baadaye alikuwa ndani ya misheni kwa masista. Nani alimchonga? Ama umri wa rejista ni wa kukisia na alikuwa mkubwa zaidi, ama hilo pengo ni la kuzaliwa.

#13 Mwana Handeni
Mwanya tu huo jamani. Mwanya! Nusu ya Wazigua wanao na wanaume wanalipia mahari zaidi.

#14 Mwana Unyanyembe
Mwanya wa kuzaliwa hauna umbo la pembetatu iliyonyooka. Lete picha tuvute karibu.

#15 Kitukuu wa Nguru
Picha siweki hapa, watoto wake wengine wapo hai na sijawaomba. Ila pembetatu ni pembetatu, ncha iko juu kwenye fizi.

#16 Mluguru wa Matombo
Naingia na swali moja. Alikuwa wa ukoo gani? Kwetu Waluguru lukolo unafuata kwa mama, na Wanguu, Wazigua na Wakaguru ni hivyo hivyo ukoo unatoka kwa mama. Mtu anaweza kusahau jina la baba yake, lakini mwanamke wa milima ile asiye na ukoo hayupo. Kama hakuwa na ukoo basi mama yake hakuwa mtu wa pale, hapo hakuna cha Mjerumani wala nini, baba hahusiki kabisa. Nyie wote mnamtafuta baba wakati kwa watu wale mwenye kauli ni mama.

#17 Kitukuu wa Nguru
Mluguru #16 umenipa kitu. Nimeuliza kwa shangazi mdogo (huyu hajajitoa). Anasema bibi alikuwa akiulizwa ukoo anataja ukoo wa yule mama msimamizi wa ubatizo. Halafu kaniongezea jambo ambalo hajawahi kulisema. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi anahesabu magunzi kwa lugha ambayo wao watoto hawakuijua, wakawa wanaiga wakicheka. Anakumbuka vipande viwili tu, "mcheche, msano", kisha anatupa gunzi kwenye tenga.

#18 Mkaya wa Tunduru
WEEEE. Nne, tano. Kiyao hicho! Mcheche msano nimezaliwa nazo. Bibi Myao huyo, alitoka huku kusini au ng'ambo ya Ruvuma, kapelekwa Kilwa au Bagamoyo, kama shangazi alivyosema. Karibu nyumbani, na usilete ng'ombe.

#19 Mwana Newala
Taratibu jirani. Nne hata kwetu Wamakonde inafanana na hiyo, na Wamwera pia.

#20 Mkaya wa Tunduru
Nne ndiyo, na tano je? Taja tano yenu hapa tuione kama ni msano. Nasubiri.

#21 Mzee wa Rejista
Hesabu ni ushahidi wa kweli kuliko rangi ya ngozi. Lakini mtoto anahesabu kwa lugha ya nani? Ya aliyemfundisha kuhesabu. Tumeshaona amechukua ukoo wa mama msimamizi. Kama mama huyo alitoka kile kijiji cha waliokombolewa Bagamoyo, na pale walijaa watu wa kusini na wa Ziwa Nyasa, basi Kiyao kinaweza kuwa cha mlezi na mtoto akawa wa popote. Kitukuu mtafute huyo mama kwenye rejista za Bagamoyo, pengine ni rahisi kumpata yeye kuliko bibi.

#22 Mkaya wa Tunduru
Mzee unanipora ndugu mchana kweupe.

#23 Ticha Mstaafu
Mimi naanza kumwelewa baba mdogo. Angalieni mwaka, 1899. Kuanzia 1898 hadi 1900 njaa ilipiga kaskazini mashariki yote, Uzigua, Nguru, Usambara, pwani, na kabla haijasahaulika ile ya nzige ya 1894 na 1895. Watu waliweka watoto rehani kwa chakula, wengine waliwapeleka wenyewe misheni kwa sababu kulikuwa na ghala, wakitegemea kuwafuata mvua ikinyesha. Baadhi waliwafuata, baadhi walikufa. Kundi la wasichana wamebatizwa siku moja katikati ya njaa, kwangu mimi hiyo ni njaa kabla ya kuwa msafara. Kufikia 1899 ile misafara mikubwa ya minyororo haikuwepo tena njia ile, kulikuwa na wizi wa mtoto mmoja mmoja na kuuziana kimya kimya.

Na ndio tuelewane, Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na kwa amri ya 1904 wakasema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika na Waingereza 1922.

#24 Mluguru wa Matombo
Ticha sasa mtoto wa njaa wa pale pale Nguru angekosaje ukoo? Miaka sita anajua mama yake anaitwa nani na mjomba wake ni nani.

#25 Ticha Mstaafu
Kama alikuwa na miaka sita. Padri alimkadiria kwa kumtazama. Mtoto wa njaa amedumaa, wa miaka minane anaonekana wa mitano, na kinyume chake yatima wa miaka mitatu mwenye maneno mengi anapewa sita. Akiwa mtatu hakumbuki mjomba.

#26 Mwana Unyanyembe
Na akiwa wa minane meno ya mbele yameshaota. Asante Ticha.

#27 Rabai Boy
Vipi wakubwa, niko Mombasa. Hapa Freretown, kijiji cha waliokombolewa utumwani, misheni ya Kianglikana ya CMS ilianza 1875 na sisi wajukuu wa mateka tuko tele. Kwetu familia tatu tofauti zote zinadai yule yule nyanya mmoja, na kila moja ina kabila lake. Nilichojifunza ni kwamba hao watoto walipewa udugu mpya. Waliosafirishwa kwa jahazi moja waliitana ndugu, na watoto wao hawakuruhusiwa kuoana. Kitukuu uliza kama kuna familia pale Mhonda ambayo nyinyi hamuoani nayo na hakuna anayejua kwa nini.

#28 Kitukuu wa Nguru
Rabai Boy hapo umenistua. Ipo. Tuliambiwa "ni ndugu" tu.

#29 Mtu wa Maabara
Nimesoma yote. Mbona hamjafika kwenye DNA? Kama bibi alikuwa nusu Mzungu, babu yako anakuwa robo, baba yako wastani asilimia 12.5, wewe kitukuu 6.25. Wastani, siyo kamili, ila vipimo vinaiona hiyo bila shida.

#30 Kipepeo
Apime ile ya ukoo wa mama, mtDNA, ndio inaonyesha alikotoka bibi.

#31 Mtu wa Maabara
Kipepeo soma #1, huyo ni mama wa BABU mzaa baba. mtDNA ya Kitukuu ni ya mama yake mwenyewe, haihusiani. mtDNA ya bibi inashuka kwa binti, binti wa binti, bila kupitia mwanaume. Babu aliipata lakini hakumpa mtu. Kitukuu, babu alikuwa na dada? Dada ana binti?

Ila kuna kitu kitamu zaidi. Mwanaume anapata kromosomu X moja tu, kutoka kwa mama yake. Babu X yake yote ni ya bibi. Na akizaa binti anampa hiyo X nzima bila kuchanganya. Kwa hiyo shangazi zako, mabinti wa babu, wanatembea na kromosomu nzima iliyotoka kwa bibi huyu na si kwa mwingine. Baba yako hana, baba mkubwa hana. Kama baba wa bibi alikuwa Mjerumani, karibu nusu ya X hiyo, kwa wastani, itakuwa ya Ulaya. Mpimeni shangazi.

#32 Mzaramo Asilia
Yaani dawa yote anayo shangazi aliyejitoa kwenye grupu 😂😂😂 Baba mkubwa aende na doti ya khanga akaombe msamaha.

#33 Kitukuu wa Nguru
Hahaha ndio hivyo, na yule wa mcheche msano ni binti wa mke mdogo wa babu lakini naye ni wa babu, kwa hiyo wapo wawili. Dada yake babu pia ana binti hai yupo Kilosa.

Kuna jambo sijalisema. Mtoto wa baba mkubwa yupo Uingereza alishapima kwa hizi kampuni za mate. Ulaya sifuri. Ana asilimia 2 wameiita Asia Magharibi. Baba mkubwa kasema kifaa kilibadilishwa.

#34 Mtu wa Maabara
Huyo naye ni kitukuu, angetarajiwa kuwa na kama 6. Inapanda na kushuka lakini kufika sifuri kabisa ni kazi, na Ulaya ndiyo wanayoifahamu vizuri kuliko zote kwenye kanzidata zao, hawawezi kuikosa. Mjerumani amebanwa kwenye kona. Asilimia 2 ya Asia Magharibi usiitungie hadithi, kiwango hicho kinaweza kuwa kelele za hesabu tu. Mama wa huyo binamu ni wa wapi?

#35 Kitukuu wa Nguru
Tanga mjini.

#36 Mtu wa Maabara
Basi imeshaeleweka inakoweza kutokea.

#37 Mwana Handeni
Au ndio Mwarabu mwenyewe huyo! Weupe na nywele laini. Waarabu na Wabaluchi walikuwa kwenye vituo vya misafara bara kabla ya Mjerumani. Bibi mtoto wa suria.

#38 Binti Mbweni
Mwana Handeni, suria akimzalia bwana wake na bwana akamkubali mtoto, mtoto ni huru na anarithi sawa na wengine. Mwarabu asingemwacha binti yake akaenda kubatizwa Mhonda. Labda alimkana, au alikufa na ndugu wakamkana. Inawezekana, ila inabidi uongeze "labda" mbili kwenye hadithi.

#39 Msomaji wa Berlin
Salaam kutoka kwenye baridi. Kuhusu makaratasi: Wajerumani walikuwa wakikamata watoto kwenye magendo ya watumwa wanawagawa kwenye misheni, na kule Lutindi Usambara kulikuwa na nyumba maalum ya watoto hao kuanzia 1896. Kwa hiyo majalada ya wizara ya makoloni, R 1001, yapo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka za taifa la Ujerumani, hapa Berlin na mengi yamewekwa mtandaoni, mwandiko ni wa kale ila unazoeleka. Upanga Dar, Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya Kijerumani pia. Lakini kwa Mhonda ningeanza na hifadhi ya shirika la Roho Mtakatifu, Chevilly-Larue, Ufaransa. Mapadri wale waliandika kila siku, mvua, nani kafa, watoto wangapi wameletwa. Kundi la wasichana wote hao wasingelipita kimya. Ni Kifaransa, mnitumie nitasoma.

Na Mzaramo #2, pasipoti haipo. Kwa sheria ya zamani mtoto wa nje ya ndoa alifuata uraia wa mama, na 1906 walipiga marufuku kabisa ndoa za Mzungu na Mwafrika kwenye koloni hili. Kula karanga zako kwa amani.

#40 Mzaramo Asilia
Nimeumia mimi kuliko baba mkubwa.

#41 Mama Parokia
Kitukuu ukienda kuomba rejista nenda na barua ya paroko wako na uandike namba ya ubatizo, usiende unasema "natafuta bibi".

#42 Kitukuu wa Nguru
Hilo nimeshaliona mama. Parokia moja (siitaji) niliambiwa vitabu vya zamani havifunguliwi, nikaona kwa dirisha vimewekwa juu yake spika za kwaya.

#43 Mwana Unyanyembe
Mimi swali langu la mwisho kwa Kitukuu. 1967 alipokufa, watani waliokuja kufanya vituko msibani walikuwa nani? Maana kila mtu ana watani wake, karatasi inaweza kudanganya lakini mtani hasahau kuja kudai chake.

#44 Kitukuu wa Nguru
Nimemuuliza baba mdogo, yeye alikuwa kijana. Anasema watani wa upande wa mume walikuja wakalala kaburini wakidai walipwe. Upande wa bibi hakuja mtu. Wakasimama wale "ndugu" tusiooana nao, ndio walioulizwa kama wameridhika azikwe hapo.

#45 Rabai Boy
Hao ndio wa kufuatilia. Pima mmoja wao na mmoja wenu. Mkilingana ni ndugu wa damu, msipolingana ni wa jahazi au wa nyumba ya malezi.

#46 Mluguru wa Matombo
Au ni ndugu wa yule mama msimamizi. Wote mnasahau kwamba ukoo aliouchukua ni wa yule mama, na ukoo kwetu una wenyewe.

#47 Songea Kwetu
Sijasoma zote ila mbona rahisi, huyo ni yatima wa Maji Maji. Misheni zilijaa yatima baada ya ile vita.

#48 Ticha Mstaafu
Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Ubatizo ni 1899. Rudi juu usome.

#49 Songea Kwetu
Nimerudi nimesoma. Ubatizo wa 1899 mnajua ni wake kwa sababu ya ile ndoa ya 1911 iliyoandikwa pembeni, siyo? Na Mzee #3 kasema mwenyewe majina yalijirudia, Maria wawili nyumba moja. Karani wa 1911 akipekua kitabu cha nyuma akitafuta jina, anashindwaje kuandika pembeni ya msichana mwingine mwenye jina hilo? Bibi akiwa yatima wa 1906, mwenye miaka kumi na mbili hivi, bado 1911 anaolewa.

#50 Mwana Unyanyembe
Na meno yake kayachonga kwao kabla ya kuja. Mngoni nakuunga mkono kwa shingo upande.

#51 Mzee wa Rejista
Songea, hiyo hoja ina miguu. Kitukuu, kitabu cha ndoa chenyewe cha 1911 kinataja wazazi wa bibi harusi na kanisa alikobatizwa. Hapo wameandika nini?

#52 Kitukuu wa Nguru
Kitabu cha ndoa sijakiona. Kipo chini ya zile spika.